Malezi na Nyumba: Kabla Basi Halijaondoka Kilosa



Barua ninayoijibu leo imetoka Kilosa. Aliyeiandika ni mfanyakazi wa reli, baba wa watoto wanne, na ameiandika kwa kalamu katika karatasi tatu zilizochanwa kwenye daftari la shule. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeketi na mke wangu, kwa sababu jambo analoliuliza laonekana dogo, kumbe si dogo.

Mwaka jana, asema, familia 12 za mtaani kwao, Waislamu kwa Wakristo, zilipatana kuwapeleka watoto Mikumi kwa siku moja. Makusudi yalikuwa mema: watoto wakayaone maumbile ya Mwenyezi Mungu kwa macho yao, wajifunze, na wazazi nao wapate walau siku moja ya kukaa na wana wao pasipo kukimbilia kazini. Fedha zikachangwa. Siku yenyewe watu waliamka alfajiri, watoto wakavikwa nguo za sikukuu, vyakula vikapangwa vikapuni, na basi halikuja. Mwenye basi alikuwa amekabidhiwa malipo yote mkononi bila hati yoyote. Alipofuatwa akajibu kuwa gari limeharibika na fedha zimekwisha kutumika katika matengenezo. Nusu ilirudishwa baada ya miezi miwili. Nusu nyingine haijaonekana hadi leo. Jirani aliyekuwa mweka hazina ameitwa mwizi mbele ya wanawe, na aliyemwita hivyo, ndugu huyu anakiri kwa uungwana, ni yeye mwenyewe mwandishi wa barua. Tangu siku hiyo nyumba zile mbili, ambazo ukuta wake ni mmoja, hazisalimiani. Watoto bado wanauliza lini watakwenda. "Nianzeje tena?" ndiyo mstari wake wa mwisho.

Nitajaribu kujibu, wala sitajifanya mjuzi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa waandalizi wa safari ya namna hii, tukitokea Dar es Salaam pamoja na kikundi cha dini cha mtaani kwetu. Tulipanga kuondoka saa 11 alfajiri. Tukaondoka saa 4 asubuhi, kwa kuwa fulana tulizotaka kuvaa sote zilikuwa bado kwa mchapaji. Tulifika langoni jua limekwisha kuinama. Hotuba ya kiongozi wetu chini ya mti ilichukua saa nzima na robo. Mwanangu wa pili alilala juu ya kikapu cha maandazi. Wanyama tuliowaona ni swala, nyani wa barabarani, na makalio ya tembo mmoja aliyekuwa akiingia kichakani. Hilo la makalio ndilo somo waliloondoka nalo watoto, na gharama yake kwangu ilikuwa karibu nusu ya mshahara. Basi nitakayoyasema hapa mengi nimeyajua kwa kuyakosea.

Anza na daftari, ndugu yangu, wala usianze na basi. Kabla ya kuita mkutano wowote, mwendee jirani yako jioni, wewe na mkeo, bila shahidi na bila kiongozi wa dini wa kukusindikiza. Kwa maelezo yako mwenyewe yeye naye alitoa mchango wake kama ninyi, na watoto wake watatu walisimama barazani wakisubiri kama wako. Kosa lake lilikuwa kumwamini mtu na kutodai hati. Ni kosa, lakini si wizi, na neno ulilolitamka mbele ya watoto wake halitafutwa na mtu mwingine ila wewe, tena mbele ya watoto hao hao. Hilo likikushinda, safari isiandaliwe. Mtakuwa mnawapeleka watoto kumwona tembo huku nyumbani mkiwafundisha kuwapita jirani bila salamu.

Likiwezekana, ndipo muwaite wenzenu wote na hesabu ya mwaka jana isomwe: kiasi gani kilichangwa, kiasi gani kililipwa, kiasi gani kimerudi na kimegawanywa vipi. Deni la mwenye basi liandikwe na lipelekwe kwa mtendaji wa kata, naye aitwe ajibu. Lisichanganywe na mchango mpya. Nimeona vikundi vingi vikifa kwa sababu ya kutaka kufidia shimo la jana kwa mchanga wa leo.

Kuhusu mchango mpya, kina mama wa mtaani kwenu bila shaka wanaujua utaratibu wa VICOBA: sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na hesabu husemwa kwa sauti kila mkutano. Uigeni huo. Nashauri hata zaidi: wawaachieni wao kazi ya hazina. Siku hizi wako watakaosema fedha zitumwe kwa simu, na ni rahisi kweli, lakini simu ina mwenyewe mmoja na namba ya siri moja, na ninyi mmekwisha kuona matokeo ya mkono mmoja. Mkitumia simu, basi kila Jumapili jioni salio lisomwe mbele ya watu.

Mchango ulipwe kwa juma, usilipwe kwa mkupuo. Mtu wa mshahara huona vyepesi kutoa mwisho wa mwezi, lakini auzaye vitumbua au abebaye mizigo sokoni hapati mwisho wa mwezi. Yeye ana leo. Mkianza Machi kwa safari ya Julai mtakuwa na majuma 16 hivi. Gawanyeni gharama yote kwa majuma hayo mwone kama kipande cha juma moja kinaweza kutoka katika mfuko wa aliye mdogo kuliko wote. Kikiwa hakitoki, punguzeni gharama: acheni fulana, acheni soda, acheni mpiga picha wa kukodi.

Na hata hapo itabaki nyumba moja isiyoweza. Haikosekani. Katika safari yetu ile alikuwapo mjane mmoja mwenye watoto wawili, ambaye juma la nne aliacha kuja mikutanoni. Tulidhani ana shughuli. Asubuhi ya safari, wakati tukisubiri fulana zetu, nilimwona binti yake mkubwa amesimama ng'ambo ya barabara na ndoo kichwani akitutazama. Basi lilikuwa na viti vinne vitupu. Hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwita, kwa kuwa kanuni yetu ilisema asiyelipa haendi, na kanuni hiyo niliiandika mimi. Kwa hiyo nakusihi: kabla ya kuandika kanuni yoyote, wekeni akiba kidogo kandoni, ijulikane na watunza funguo watatu tu, ya kulipia nyumba hiyo bila jina lake kutajwa. Dini zenu zote mbili zinasisitiza sadaka ya siri. Hapa pana pa kuitendea.

Sasa basi. Lifuateni gari lenyewe lilipo, msilichague kwa maneno. Tazameni magurudumu, hesabuni viti, ulizeni bima na leseni ya dereva. Andikeni mkataba, hata ukiwa wa nusu ukurasa, wenye namba ya gari, siku, saa, bei, na gari mbadala litatoka wapi hili likiharibika. Malipo yagawanywe mafungu matatu: la kwanza siku ya kutia sahihi, la pili asubuhi ya safari gari likiwa limesimama mbele yenu, la tatu mkiwa mmerudi. Mwenye gari akikataa mpango huo, mshukuruni mwondoke.

Siku ya safari

Umeuliza siku ipi. Ijumaa haifai, wala Jumapili. Na ukisema Jumamosi, Wasabato watabaki nyumbani. Sikukuu ya taifa iangukiayo kati ya juma hutuondolea mzozo wote. Mimi ningechagua Saba Saba. Wakati huo ni kiangazi, majani yamekauka na kulala, wanyama husogea kwenye maji na huonekana kwa urahisi, na barabara haina tope. Angalieni tu isigongane na mwezi wa Ramadhani katika mwaka wenu. Mtoto aliyefunga na mama aliyefunga wasisafirishwe juani kutwa nzima kutazama wenzao wakila pilau.

Njia fupi kutoka kwenu hupita Ulaya. Msomaji wa mjini asishtuke: Ulaya hii ni kata ya Wilaya ya Kilosa, na mtoto aipitaye hahitaji pasipoti. Waacheni wajigambe shuleni. Mpaka mji wa Mikumi, ambao nao umo ndani ya wilaya yenu hiyo hiyo, ni kilomita zaidi ya 70. Kisha mnashika barabara kuu kuelekea upande wa Morogoro hadi lango la hifadhi. Siku mbili kabla, ulizeni hali ya njia kwa madereva waliotoka huko juma hilo. Saa ya kuondoka iwe saa 10 na nusu alfajiri, na asiyekuwapo aachwe, hata akiwa kiongozi wa dini. Alfajiri ndiyo saa ya wanyama. Ikifika saa 5 simba amekwisha kulala kivulini na watoto wenu watalala pia.

Lakini kabla basi halijatoka mjini, lisimame dakika tano karibu na mto Mkondoa. Somo la kwanza liko hapo, na halina kiingilio. Bonde hili lilikuwa njia ya misafara tangu zamani kabla ya reli. Burton na Speke walilipita mwaka 1857 wakielekea maziwa, na Stanley mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Hao wameandikwa. Wasioandikwa ni wapagazi na watumwa walioteremka kwa njia hizi kwenda pwani, Bagamoyo, wakiwa na pembe za tembo mabegani. Waambieni watoto pia kwamba maji wanayoyaona yanaingia mto Wami na kufuata upande ule ule wa pwani mpaka baharini, kaskazini ya Bagamoyo. Mtoto wa Kilosa asiyewahi kuiona bahari ana haki ya kujua kuwa mto wake unaifahamu njia.

Msiwafiche jambo jingine, kwa kuwa safari yenu ni ya dini. Wafanyabiashara wa misafara ile walikuwa watu wa kusali. Wanunuzi wa pembe huko Uingereza na Marekani, waliozichonga kuwa vipande vya kinanda na mipira ya biliadi, nao walikuwa watu wa kusali. Mtoto wa miaka kumi na miwili aweza kulibeba swali hilo, na ni afadhali aanze kulibeba akiwa pamoja na baba yake. Hapo hapo mtoni kuna kumbukumbu ya karibu zaidi: mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, Mkondoa ulipovunja tuta, reli ikasombwa na maelfu ya watu wakaishi mahemani. Wewe wa reli waijua habari hiyo kuliko mimi. Wasimulie wewe, si mwalimu, na uwasimulie pia reli iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, tawi la Kilosa hadi Kidatu lililojengwa katika miaka ya 1960, na treni ya umeme ambayo tangu mwaka 2024 inapenya milima yenu kwa mahandaki. Watoto wengi hawajui wazazi wao wanafanya kazi gani hasa. Wanajua tu kuwa baba hurudi amechoka.

Kuhusu sala ya kuondokea, pimeni vizuri. Msitunge ibada ya mchanganyiko ambayo si ya huyu wala ya yule. Yatosha ustadhi aombe dua fupi na mzee wa kanisa aombe sala fupi, kila mmoja kwa lugha ya dini yake, na upande wa pili utulie kwa adabu. Mchana Waislamu wapate mahali na maji ya kutawadha. Pelekeni dumu moja la maji kwa kazi hiyo tu, lisiguswe na mwenye kiu. Kama katika mwendo huu mtu aruhusiwa kupunguza na kukusanya sala, aulizwe ustadhi, asiulizwe dereva.

Chakula nacho kiwe cha sufuria moja. Kuku wachinjwe na Mwislamu, jambo ambalo mitaa yetu mingi imelizoea, ili pasiwe na mtoto wa kuambiwa "hiki si chako". Wapishi wasiwe kina mama peke yao usiku kucha, halafu asubuhi wapande basi wakiwa maiti. Kina baba wamenye vitunguu, wakune nazi, na jioni waoshe masufuria. Haijapata kusikika kuwa mtu alikufa kwa kuosha sufuria. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, basi tumieni vikapu na vyombo vyenye mifuniko. Kiingilio cha hifadhi hakilipwi kwa fedha taslimu, ila kwa namba ya malipo au kadi. Mlipe kabla, na mmoja wenu abebe stakabadhi. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni, mtoto kidogo kuliko mtu mzima, na mtoto wa chini ya miaka mitano halipi.

Ndani ya hifadhi

Hifadhi ya Mikumi ilitangazwa mwaka 1964 na kupanuliwa mwaka 1975. Eneo lake ni kilomita za mraba 3,230. Jina lake ni la miti, mikumi, ile ambayo wengine huiita mivumo. Walezi wawaonyeshe watoto mti wenyewe kabla ya kuwaonyesha mnyama yeyote. Barabara kuu ya Iringa hukata hifadhi hii kwa kilomita 50, na juu yake wanyama wengi wamekufa kwa kugongwa na magari. Dereva wenu afuate alama za mwendo, na mtoto asirushe ganda la ndizi dirishani, kwa kuwa nyani aliyezoea maganda huhamia barabarani na mwisho wake hujulikana.

Yafaa watoto wajue hifadhi hizi si anasa tuliyoachiwa na wageni tu. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, akiahidi kwa niaba ya Tanganyika kuwatunza kwa ajili ya watoto wa watoto wetu. Msilichanganye na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hata walimu huchanganya. Na waambieni pia kwamba ahadi hiyo hatukuishika vema siku zote: mwaka 2009 nchi hii ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000, na ilipofika mwaka 2014 walibaki takriban 43,000, wengine wote wakiwa wamekwenda na majangili.

Sasa somo la dini, na hapa ndipo nawaomba viongozi wenu wasihutubu. Wampe kila mtoto jambo la kutafuta. Mtoto wa madrasa amtafute tembo, kwa kuwa anaijua Sura iliyopewa jina lake, na amweleze mwenzake wa Kikristo habari ya jeshi lililokuja Makka na mnyama huyo. Mtoto wa shule ya Jumapili asubiri mpaka kwenye bwawa la viboko, lisilo mbali na lango, ambako watu huruhusiwa kushuka garini. Hapo asimulie habari za Behemothi katika Kitabu cha Ayubu, mnyama ambaye wafasiri wengi humdhania kuwa ndiye kiboko. Kisha waulizwe wote wawili ni nani katika vitabu vyao alikuwa na chombo chenye wanyama wawili wawili. Watagundua wenyewe kuwa Nuhu ni wa wote, na hakuna mtu mzima atakayekuwa amelazimika kulihubiri.

Ongezeni elimu ya shule, lakini kwa kiasi. Shingo ya twiga, mnyama wa taifa letu, ina mifupa saba tu, sawa na shingo ya mtoto anayemtazama. Kiboko aonekanaye mzembe mchana hutoka usiku kula majani yapatayo kilo 40, na ngozi yake hutoa majimaji mekundu yanayoikinga na jua. Tembo hubeba mimba miezi 22. Hilo la mwisho nililitaja katika basi letu, na kina mama wote wakaguna kwa pamoja. Nadhani ndilo neno langu pekee lililosikilizwa siku ile.

Mjiandae kwa maswali mawili. La kwanza ni la simba: kwa nini Mungu Mwema amemuumba mnyama wa kumrarua swala? Niliulizwa hilo na mtoto wa miaka saba, nikamjibu kuwa simba naye ana watoto. Akasema swala pia. Sikuwa na jibu, na sikujaribu kulitengeneza. Ni bora mtoto amsikie mtu mzima akikiri mbele ya jambo kubwa kuliko kumpa neno jepesi ambalo atalitupa afikapo darasa la saba.

La pili ni lenu hasa, watu wa Kilosa. Kati ya watoto wenu wako ambao bibi zao hulima kando ya hifadhi. Mtoto huyo hatamwona tembo kama picha ya kalenda, atasema, "Huyu ndiye aliyekula mahindi ya bibi." Msimnyamazishe. Amesema kweli, na ukweli wake ni sehemu ya somo. Mwambieni ipo sheria ya kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kuuawa, na kwamba malipo hayo aghalabu ni madogo kuliko hasara. Mwambieni pia wapo wakulima wanaozungushia mashamba kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, au mizinga ya nyuki, kwa kuwa jitu lile lote huogopa kuumwa na nyuki. Mwulizeni angefanya nini kama yeye angekuwa bibi, halafu kama angekuwa tembo. Muda huo una thamani kuliko wa kumkimbiza dereva atafute chui.

Nataka kugusa jambo moja zito kabla sijarudi kwenye basi. Umeandika kuwa pembeni ya mtaa wenu wanaishi wafugaji wachache, Wamasai, na wengine katika kamati hawawataki katika orodha. Wilaya yenu inakumbuka Desemba 2000 pale Rudewa Mbuyuni, wakulima na wafugaji walipofikishana mahali pa kuuana na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Watoto mnaotaka kuwapeleka hawakuwa wamezaliwa. Wakipanda basi moja na mtoto wa mfugaji, yeye ndiye atakayewaonyesha nyayo na kuwaambia mnyama alipita lini, na kwa mara ya kwanza atakuwa mwalimu wao. Kamati ikikataa, mwalike kwa nafasi ya familia yako.

Ondokeni hifadhini saa 10 jioni, hata kama watu wanaomba nusu saa zaidi. Usiku juu ya njia ile si wa kuchezea, na watoto watakuwa wamechoka. Mkifika Kilosa, watu wasitawanyike mara moja. Mweka hazina asimame na taa, asome kilichopatikana na kilichotumika, na kilichobaki kigawanywe pale pale, hata ikiwa ni shilingi 500 kwa nyumba. Ningependa asomaye awe jirani yako yule yule, na wewe uishike taa.

Wasomaji wa Dar es Salaam na Morogoro watakaotaka kujaribu mpango huu watalazimika kupanga upya saa za kuondoka, mengine hayabadiliki. Nawe wa Kilosa niandikie tena baada ya Saba Saba, uniambie watoto waliuliza nini. Na msisahau kamba ya kufungia masufuria juu ya basi. Sisi letu moja lilidondoka Doma, likiwa na wali ndani.